Rangi na Herufi Katika Programu za Biashara: Namna ya Kuchagua Viendelezi Visivyompoteza Mteja

Mkulima wa kahawa wilayani Mbinga anapofikisha magunia yake katika chama chake cha msingi, hesabu yake siku hizi huweza kuingizwa kwenye simu au kishikwambi badala ya daftari. Karani huandika uzito, programu huzidisha kwa bei ya siku, na mashine ndogo iliyo mezani hutoa stakabadhi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka la pembejeo mjini, kwa mnunuzi wa usipa pale Mbamba Bay, na kwa wakala wa fedha za simu aliyeweka kibanda chake karibu na gati la Liuli. Wote hawa wanafanya kazi kupitia skrini, na mteja wao hupokea kile ambacho skrini imekitoa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba skrini hiyo mara nyingi huwa na programu zaidi ya moja. Ipo programu kuu, yaani ile inayotunza mauzo, bidhaa na madeni. Kisha vipo viendelezi, yaani vipande vya programu vinavyopachikwa ndani ya ile kuu ili kuipa kazi ambayo haikuwa nayo: kupokea malipo ya simu, kutuma ujumbe kwa wateja, kukata deni la mbolea, kuchapa stakabadhi. Programu kuu huweza kuwa imetengenezwa na kampuni moja, kiendelezi cha malipo na kampuni nyingine, na kile cha stakabadhi na kijana mmoja anayefanya kazi peke yake. Anayevikutanisha vyote ni mwenye biashara, ambaye hununua kimoja leo na kingine baada ya mavuno.

Huenda msomaji akajiuliza rangi na herufi zina uzito gani hata zichukue kurasa za kijitabu cha walaji. Tunamwomba atazame kwanza mfano ufuatao.

Mkulima analeta kilo 120 kwa bei ya Sh 6,000 kwa kilo. Jumla ni Sh 720,000. Anadaiwa mbolea Sh 45,000 na usafirishaji Sh 12,000, kwa hiyo anastahili kulipwa Sh 663,000. Katika skrini ya karani, kiendelezi cha madeni huonesha makato kwa rangi nyekundu, na karani anaelewa mara moja. Lakini mashine ya stakabadhi hutumia karatasi inayobadilika rangi kwa joto, nayo ina rangi moja tu, nyeusi. Nyekundu yote hupotea njiani. Mkulima anapokea karatasi yenye tarakimu tatu zilizopangana, 720,000, 45,000 na 12,000, bila alama wala neno la kumweleza kwamba mbili za mwisho zimetolewa. Akizijumlisha anapata Sh 777,000. Anapohesabiwa fedha mkononi, anaona pungufu ya Sh 114,000.

"Karani, hizi elfu arobaini na tano si mmeniongezea?"

"Hapana, baba. Hayo ni makato ya mbolea."

"Mbona hapa hapajaandikwa makato?"

Karani hana jibu, kwa sababu kwake yeye palikuwa pameandikwa, kwa wekundu. Hakuna aliyeiba, na bado mzee huyu anarudi nyumbani akiamini kwamba ameibiwa. Kosa lenyewe ni la mtu aliyechagua rangi kuwa njia pekee ya kusema jambo, na ambaye pengine hajawahi kuishika ile karatasi inayotoka kwenye mashine.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, na kwa maoni yetu ulio mkubwa kuliko yote yanayofuata, ni huu: rangi iwe ya kusaidia maana na isiwe ya kubeba maana peke yake. Makato yaandikwe "Makato" au "Toa", yawe na alama ya kutoa mbele ya tarakimu, na malipo halisi yawe katika mstari wake wenyewe wenye herufi nzito. Rangi ikija juu ya hayo, ni vyema. Ikipotea, maana inabaki. Kabla ya kununua kiendelezi chochote kinachochapa, mwenye biashara adai kuchapiwa stakabadhi moja ya majaribio yenye mauzo na makato, kisha ampe mtu asiyeijua programu hiyo aisome kwa sauti.

Kanuni hiyo inawahusu pia watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, mmoja katika kila 12 hivi ana hali hiyo. Kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo, na wengi wao hawajawahi kupimwa wala hawajui. Mtu wa namna hiyo akiwekewa vitufe viwili vinavyofanana kwa umbo, kimoja cha kijani cha kukubali na kingine chekundu cha kukataa, bila maneno, hana la kumwongoza isipokuwa mazoea ya mahali kitufe kilipo. Kiendelezi kikibadilisha mahali hapo, amepotea.

Rangi ya kampuni na rangi ya onyo

Katika programu nyingi, nyekundu ina maana ya hatari: futa, kataa, kosa limetokea. Hapa kwetu nyekundu ina kazi nyingine pia. Ndiyo rangi ya Vodacom na M-Pesa, na ndiyo rangi ya Airtel. Mtengenezaji wa kiendelezi cha malipo hupenda kukipaka rangi ya mtandao anaouhudumia, na hapo ndipo kitufe cha "Lipa" kinapogeuka chekundu, kikakaa skrini moja na kitufe cha "Futa mauzo" cha programu kuu ambacho nacho ni chekundu. Muuzaji mwenye foleni ya wateja hasomi. Anagusa rangi aliyoizoea. Matokeo yake ama ni mauzo kufutwa mteja akiwa ameshalipa, ama ni ombi la malipo kutumwa mara ya pili.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba rangi ya kampuni haidumu. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, Vodacom ilikuwa ya bluu. Ilihamia nyekundu mwaka 2011. Mtandao tunaouita Airtel leo ulikuwa Celtel, ukawa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kila mabadiliko ya namna hiyo huacha nyuma viendelezi vilivyochorwa kwa nembo na rangi za zamani. Mteja anayeletewa ukurasa wa malipo wenye jina ambalo halipo tena ana haki ya kusita, na mwenye biashara asimlaumu. Badala yake amtake mtengenezaji amletee toleo jipya, na kama mtengenezaji hapatikani tena, hilo peke yake ni sababu ya kuachana na kiendelezi hicho.

Nembo ya mtandao itoshe kumwonesha mteja analipia wapi. Vitufe vibaki na rangi za programu kuu. Iwapo kijani ndiyo rangi ya kuthibitisha katika ukurasa wa mauzo, basi iwe hivyo katika ukurasa wa malipo, wa madeni na wa stakabadhi. Yapo makampuni makubwa yaliyoandika miongozo mizima kuhusu jambo hili. SAP ina mwongozo wake wa Fiori tangu 2013, na Google ulio wake wa Material Design tangu 2014. Mwenye duka la Mbinga hahitaji kuisoma. Anahitaji tu kumwuliza mtengenezaji kama anafuata mwongozo wowote, na kusikiliza jibu linavyotoka.

Skrini chini ya jua la ufukweni

Watengenezaji wengi hupima kazi yao ndani ya chumba chenye kivuli. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa biashara ya samaki hufanyika nje, saa za asubuhi na mchana, na maji yenyewe hurudisha mwanga usoni. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambayo ofisini yanapendeza, pale Mbamba Bay hayaonekani kabisa.

Ipo namna ya kupima jambo hili pasipo kubishana juu ya ladha. Shirika linaloratibu viwango vya wavuti duniani, W3C, lilitoa mwaka 2008 kipimo cha tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake ya nyuma. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hakuna tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa yasipungue 3 kwa 1. Nyekundu kamili juu ya nyeupe ni takriban 4 kwa 1 tu, yaani chini ya kiwango kwa maandishi madogo, ingawa wengi huidhani kuwa rangi kali. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Njano hiyohiyo ikiwekwa nyuma ya maandishi meusi hupita 19 kwa 1, na ndiyo maana wenye magari na wenye mabango hutumia mpangilio huo. Vikokotoo vya kipimo hiki hupatikana bure katika intaneti, na mtengenezaji makini atakuwa ameshavitumia kabla hujamwuliza.

Kwa asiye na kikokotoo, jaribio letu ni jepesi: toka nje ya duka saa sita mchana, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, nyoosha mkono, kisha jaribu kusoma jumla ya malipo. Ukishindwa, mteja wako wa ufukweni naye atashindwa. Fanya hivyo kwa programu kuu na kwa kila kiendelezi, kwa kuwa mara nyingi moja hufaulu na kingine kikaanguka.

Tuongeze hapa suala la ukubwa wa vitufe, japo si rangi wala herufi. Kitufe kisichofika takriban milimita 9 kwa upande ni kidogo mno kwa kidole cha mtu mzima, na kwa mchuuzi mwenye mikono iliyolowa maji ya samaki ni balaa.

Herufi, na zaidi tarakimu

Katika programu za biashara, tarakimu ndizo zinazobeba fedha, kwa hiyo tungependa msomaji azichunguze kuliko anavyochunguza urembo wa herufi. Fonti nyingine huandika sifuri kama herufi O, na moja kama herufi I au kama l ndogo. Katika jina la mtu kosa hilo halina madhara makubwa. Katika namba ya uthibitisho iliyochanganya herufi na tarakimu, ambayo mteja ataiandika upya anapofuatilia malipo yake, ni kosa linalomrudisha dukani mara tatu. Chagua fonti inayotenganisha waziwazi 0 na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B. Andika alama hizo zote nane katika skrini ya majaribio uzione zikiwa pamoja.

Namba ndefu zigawanywe. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na mtu anayeinakili kwenye mita kwa mwanga wa tochi hawezi kufuata mstari mmoja usio na nafasi. Zikipangwa nne nne, anaingiza kundi, anapumua, anaingiza lingine. Namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12 nayo inastahili hivyohivyo. Tumeona kwamba programu kuu huwa zimezingatia jambo hili, kisha kiendelezi cha stakabadhi kinakuja na fonti yake nyembamba na kubana tarakimu zote pamoja ili kuokoa karatasi. Karatasi iliyookolewa ni ya thamani ndogo kuliko tokeni iliyokosewa.

Katika safu za hesabu, kila tarakimu ichukue upana sawa, ili mamia yakae chini ya mamia na maelfu chini ya maelfu. Zipo fonti ambazo 1 ni nyembamba kuliko 8, na safu yake huyumba kama mistari iliyoandikwa ndani ya mtumbwi. Jicho la mtu aliyezoea daftari la mistari hugundua kosa la hesabu kwa kuona safu imepinda. Fonti iliyoyumba humnyima uwezo huo. Alama ya kutenga maelfu nayo iwe moja kila mahali. Ukurasa mmoja ukiandika 1,500 na mwingine 1.500, ipo siku mtu atasoma elfu moja na mia tano kuwa moja na nusu.

Kiswahili kina mahitaji yake machache. Maneno yetu ya vitufe mara nyingi ni marefu kuliko ya Kiingereza. "Thibitisha malipo" haiingii katika kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la kigeni, na kiendelezi kilichotafsiriwa kwa haraka huonesha "Thibitisha ma…" na kumwachia mtumiaji abahatishe kama ni malipo, mauzo au makato. Ritifaa ya ng' nayo huleta vurugu: programu isiyoitambua huandika alama za ajabu katikati ya neno ng'ombe, au hukataa kabisa kuhifadhi jina la mteja lenye ritifaa. Ingiza jina la namna hiyo katika majaribio, kisha lichape. Na tungeshauri kuepuka kuandika sentensi nzima kwa herufi kubwa. Masharti ya mkopo yaliyoandikwa hivyo kwa fonti ndogo hayasomwi na mtu yeyote, na tunashuku kwamba wakati mwingine ndilo lengo.

Namna ya kukipima kiendelezi kabla ya kukilipia

Kiendelezi kizuri hakiji na nguo zake. Huuliza programu kuu inatumia rangi gani, fonti gani na ukubwa gani wa herufi, kisha hufuata. Kibaya hubeba rangi zake ndani yake, na siku programu kuu inapobadilishwa, chenyewe hubaki kama kilivyokuwa.

Kuna njia ya kuvitenganisha kwa dakika tano. Fungua mipangilio ya programu kuu na uongeze ukubwa wa herufi. Rudi kwenye kiendelezi: je, herufi zake nazo zimekua, na je, vitufe vyake bado vinaonekana vyote? Kisha washa mandhari ya giza, ile inayogeuza nyuma kuwa nyeusi. Kiendelezi kisichofuata mwenyeji wake hubaki na maandishi meusi juu ya weusi, na utaona ukurasa mtupu mahali palipotakiwa kuwa na jumla ya fedha. Badili na lugha, kama programu inaruhusu, uone kama kiendelezi nacho kinahamia Kiswahili au kinabaki na lugha ya nusu kwa nusu. Mwuzaji akikukataza kufanya majaribio haya kabla ya kulipa, usilipe.

Kufanana si uthibitisho

Tumesisitiza kufanana kwa kurasa zote, lakini yapo mahali ambapo kufanana kunaweza kumponza mtumiaji. Rangi na fonti huigwa kwa urahisi. Tapeli anayetaka kukuibia atahakikisha kwamba ukurasa wake unafanana na ule halisi kuliko hata kiendelezi halali kinavyofanana. Kwa hiyo ukurasa wenye rangi zilizochanganyika una dosari ya kazi, na si lazima uwe wa kitapeli. Na ukurasa uliopangika vizuri hautoi ushahidi wowote wa uaminifu.

Kinachopaswa kutazamwa ni kile ambacho ukurasa unakuomba. Malipo ya simu yanapoanzishwa na programu ya muuzaji, kwa kawaida ombi la namba ya siri huja katika simu ya mteja mwenyewe, kupitia menyu ya mtandao wake au programu rasmi ya mtandao huo. Mteja huona jina la anayelipwa na kiasi, kisha ndipo huweka namba ya siri. Hakuna sababu ya halali ya muuzaji, karani au wakala kukuomba uiandike namba hiyo katika kishikwambi chake, hata kama ukurasa una nembo na rangi za mtandao wako na hata kama anayekuomba ni mtu unayemfahamu tangu utotoni. Ukiombwa hivyo, acha muamala huo na uchague kulipa taslimu.

Ujumbe wa kitapeli uliopokewa kwa simu utumwe kwenda namba 15040. Namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako huweza kuhakikiwa kwa kupiga *106#. Lalamiko kuhusu makato au malipo yaliyokosewa lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na mlalamikaji aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika, ndipo alilete kwetu pamoja na namba hiyo, tarehe, kiasi na stakabadhi. Kwa kuwa karatasi ya stakabadhi hufifia ikiwekwa juani au karibu na joto, tunashauri ipigwe picha siku hiyohiyo, mahali penye kivuli, kabla haijakunjwa mfukoni.